Ukuta wa Chumba cha Bibi Harusi

Vikombe vya chuma viligusana rafuni. Ti-ti-ti, polepole, kama meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi na hataki wenzake wajue.

Rashila alikuwa ameshafumbua macho kabla sauti haijakoma. Dirishani giza lilikuwa bado halijaanza kupauka. Alinyoosha mkono, akampapasa mwanawe Luniva pale alipolala, akamvutia kifuani na kusubiri, pumzi ameibana. Vikombe vikanyamaza. Luniva akajigeuza, akampiga mama yake teke la usingizi, akaendelea kukoroma kidogo kidogo.

"Imepita," Shangazi Tirtha alisema kutoka kitanda cha pili. "Ardhi imetikisika kidogo tu. Haimwagi hata mtindi."

"Nimeisikia, Shangazi."

"Kama umeisikia basi lala. Leo unakwenda kuonyeshwa chumba chako cha harusi. Ukifika na macho mekundu, Hira Maya atasema tunampelekea mkwe mlevi."

Rashila hakucheka. Alikaa akilisikiliza tumbo la mtoto likipanda na kushuka chini ya kiganja chake, kisha akasema jambo lililomnyima usingizi.

"Shangazi, ukuta wangu ulianguka jana."

"Si ndiyo kazi yake? Mwaka mzima unatuimbia kwamba mnajenga ukuta chuoni ili muuangushe. Umeanguka, tushukuru. Wenzako tunajenga tukiomba usianguke."

"Umeanguka kabla ya wakati wake. Na aliyeuangusha ni Biraj."

Kitanda cha pili kililia. Shangazi alikuwa ameketi.

"Biraj yupi? Biraj wetu?"

"Nina Biraj wangapi, Shangazi?"

Rashila Suwal alikuwa mwalimu msaidizi wa uhandisi wa majengo, na kwa miaka yote ya karibuni alikuwa akilifuatilia swali moja tu: kwa nini nyumba za matofali za mji wao wa Bhaktapur hubambuka uso ardhi ikitikisika. Swali hilo lilimpata siku ya mtetemeko mkubwa. Mumewe, Sunil, alikuwa amesimama kichochoroni akiwaita majirani watoke nje. Nyumba iliyokuwa nyuma yake haikuanguka; ipo mpaka leo, watu wanapika na kulala humo. Ulioanguka ni uso wake wa nje, yale matofali mekundu yanayong'aa ambayo wageni hupenda kuyapiga picha. Luniva alikuwa bado yumo tumboni.

Baada ya hapo Rashila alifundisha mchana, akasoma masomo ya jioni, mtoto akilelewa na Shangazi, mpaka akapata shahada ya pili, na sasa alikuwa kwenye uzamivu. Watu walipomwambia apumzike kidogo aliwaitikia kwa adabu, kisha akafungua kitabu.

Ndipo alipokuja Biraj Awal. Kwao ni mafundi wa kuta tangu enzi za mababu, na chuo kilimtafuta aje ajenge ukuta wa majaribio kwa mtindo wa kale. Siku ya kwanza aliingia na mwiko wa baba yake kwapani, akachovya kidole kwenye udongo ambao Rashila na wanafunzi wake walikuwa wameukoroga asubuhi nzima.

"Madamu, mgonjwa ni nani?"

"Mgonjwa gani?"

"Huyu uliyempikia uji huu."

Wanafunzi waliangua kicheko, na Rashila, ambaye humo maabara alijulikana kwa kukunja uso, akajikuta anacheka nao mpaka machozi. Ukuta ulipofika usawa wa kiuno walikuwa wanakunywa chai pamoja. Ulipofika kifuani, Biraj alikuwa anakawia makusudi kuuosha mwiko wake. Ulipowapita kichwa alimwomba awe mkewe, na Rashila akaenda nyuma ya ukuta ule ule akalia kwa furaha, wanafunzi wasimwone.

Na jana ukuta huo waliufunga juu ya meza kubwa ya chuma inayotikisika kama ardhi. Mtikisiko wa kwanza ulipita salama. Biraj alikuwa amesimama nyuma ya kamba ya usalama, shati jipya, nywele amezilaza kwa maji, akamkonyeza. Ulipoanza wa pili, uso mwekundu wa ukuta ulifura kama shavu la mtoto mwenye maji mdomoni, ukajitenga na kilichokuwa nyuma yake, ukashuka wote kwa mpigo.

Mlio ule Rashila aliwahi kuusikia mara moja tu maishani mwake.

Vumbi lilipotulia alipiga magoti kwenye kifusi. Kwenye mchoro wake, hapa na pale palitakiwa pawe na tofali refu la kufungia, linaloanzia uso wa nje, likapita tumbo la ukuta, likatokea ndani, kama kifungo kinavyoshika pande mbili za koti. Alitafuta tofali refu kwa mikono miwili. Hakuliona. Aliokota kichwa kimoja cha tofali, akakigeuza. Kwa nyuma kilikuwa kimekatwa na kusuguliwa vizuri.

"Biraj, hiki nini?"

"Kichwa cha tofali, Madamu."

"Mwili wake uko wapi?"

Biraj alikung'uta vumbi kwenye shati lake jipya.

"Nilikuchorea. Nikakuonyesha kwa mkono wangu huu. Nikasema tofali zima, lipite mpaka ndani."

"Tofali zima la kawaida halikai sawa na haya ya usoni. Kichwa chake kinachomoza kama jino bovu." Sauti yake ilishuka. "Leo walikuwa wanakuja maprofesa, Rashila. Nilitaka wauone ukuta wa kwetu ulivyo. Nikakata vichwa, nikavipanga mahali pake. Ukitazama kwa mbele, hakuna anayejua."

"Ardhi imejua."

"Baba alikata. Babu alikata. Nitajie fundi wa mji huu asiyekata!"

Rashila aliinuka, kichwa cha tofali mkononi. "Na nyumba yenu mpya? Chumba chetu?"

Biraj aliinamisha macho. Kabla hajapata la kusema, profesa wa Rashila alishawafikia, akakisukuma kifusi kwa ncha ya kiatu.

"Fundi hakufuata mchoro," alisema. "Futa jaribio hili. Jenga ukuta mwingine, huu usiuingize kwenye tasnifu."

"Nitauingiza, Profesa. Nitaanza nao."

"Ukuta mbovu?"

"Ndivyo mji ulivyojengwa. Nikipima ukuta mzuri peke yake nitakuwa nimepima nyumba ambayo hamkai mtu."

Profesa alikuna kidevu, akaondoka bila kukubali wala kukataa. Rashila alipogeuka, Biraj alikuwa amechukua kofia yake ya pikipiki na kwenda zake. Hakuaga.

"Mh!" Shangazi Tirtha alisema gizani, hadithi ilipokwisha. "Kwa hiyo mtu amekata tofali kwa ajili ya kukupendeza wewe."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe utakwenda kuikataa nyumba ya watu kwa ajili hiyo."

"Sijasema naikataa."

"Hujasema kwa mdomo. Nimekulea, mwanangu. Ukiwa umeamua kitu shingo yako inanyooka hivyo, hata gizani naiona."

Kulipopambazuka Rashila alichukua mtungi wake wa shaba akashuka bombani. Biraj alikuwepo, ameegemea pikipiki, shati lile lile la jana limekunjamana. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliacha kuongea wote kwa pamoja.

"Umekula wali?" Biraj alimsalimu.

"Bado. Wewe?"

"Sijalala, nitakula vipi?"

Rashila aliuacha mtungi kwenye foleni, wakasogea pembeni, karibu na mlango wa hekalu dogo, ingawa masikio ya bombani yalisogea nao. Kwa karibu Rashila aliona wekundu wa macho yake na vumbi la maabara lililobaki kwenye nyusi. Mkono wake ulitaka kulifuta vumbi hilo. Aliushika kwa mkono wa pili.

"Nimekuja kukuomba kitu kimoja," Biraj alisema. "Leo usimwambie mama. Tuoane kwanza. Ukishaingia tutaufungua ukuta taratibu, upande mmoja mmoja. Tutasema ni unyevu."

"Na ardhi tutaiambia itusubiri?"

"Rashila, nyumba ile ni pumzi ya mwisho ya baba! Ukuta wa chumba chetu, ule unaotazama kibaraza cha juu, aliujenga peke yake. Mimi sikuruhusiwa hata kumpa tofali. Anakohoa, anaweka. Anakohoa, anaweka. Anasema, 'Huu ni wa mkwe wangu.' Na alikuwa hajakuona hata sura."

"Alijua nipo?"

"Nilimwambia kuna mwalimu mmoja anapika uji wa matope."

Kicheko kilimtoka Rashila kabla hajakizuia, na nyuma yake machozi. "Akasemaje?"

"Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akauliza huyo mwalimu anataka nini hasa. Nikamweleza habari ya tofali zima. Hakunijibu kitu. Kesho yake ndiyo akaanza ule ukuta." Biraj alipangusa uso kwa kiganja. "Labda alikusikia. Labda ameweka mazima. Labda alikata kama siku zote. Tangu jana nauliza, na wa kumuuliza hayupo."

"Basi twende tukatazame."

"Tukatazame vipi? Kwa kung'oa tofali lililowekwa na mkono ule? Mama hatakupokea tena, na mimi nitakukosa."

"Na nikinyamaza utanipata. Mpaka siku gani, Biraj?"

Rashila alisogea hatua moja, karibu kiasi cha kusikia harufu ya chokaa kwenye shati lake, na aliposema alisema polepole ili sauti isimkatikie.

"Nakupenda. Nakupenda na mwiko wako na utani wako, na Luniva anakupenda, kila jioni anauliza pikipiki iko wapi. Lakini nimeshamsindikiza mtu mmoja mpaka mtoni, kwenye moto wa kuchomea maiti, na alikuwa amesimama chini ya ukuta mzuri. Siwezi kumlaza mwanangu chini ya mwingine halafu nikae naomba tu. Kuomba niliomba. Nimesoma ili nipate na kitu kingine cha kufanya."

"Unanipima kama ule ukuta wako."

"Ukuta hauna la kuchagua. Wewe unalo."

"Oaneni basi!" mwanamke mmoja alipaza sauti bombani. "Mtungi wako unafurika, mwalimu!"

Kicheko kilizuka kwenye foleni. Biraj alikwenda akaufunga mfereji, akaubeba mtungi wa Rashila mpaka mlangoni kwake, akautua chini kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akapanda pikipiki.

"Nitakuwa nyumbani," alisema. "Njooni."

Kama alikuwa ameamua kitu, Rashila hakukiona usoni mwake.

Hira Maya Awal aliwapokea mlangoni akiwa na sari yake nyeusi ya pindo jekundu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Tangu mumewe afariki alikuwa hazungumzi sana isipokuwa kuhusu nyumba.

"Karibuni, karibuni. Vueni viatu, ngazi imepakwa mafuta jana. Huyu ndiye mtoto? Mbona miguu kama vijiti vya ubani?"

"Nakimbia haraka," Luniva alimjibu.

"Tutaona. Usikimbie kwenye ngazi zangu."

Walipanda. Aliwaonyesha dirisha lililochongwa, akaonyesha mihimili, akaonyesha jiko juu kabisa, na kila alipogusa kitu alisema nani alikiweka na siku ile mzee alikuwa amekula nini. Hatimaye alisukuma mlango, wakatokea kibarazani, mbele ya ukuta wa chumba cha bibi harusi.

Rashila alikuwa ameona kuta nyingi maishani mwake. Huu ulimfanya asimame. Matofali yalikuwa yamebanana hivi kwamba huwezi kupitisha ukucha, mekundu, laini, jua la asubuhi limeyalalia. Alinyoosha mkono akaugusa kwa heshima, jinsi mtu anavyogusa miguu ya mkubwa wake. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Unagonga nini?" Hira Maya aliuliza. "Unanunua tikiti maji?"

Biraj, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alimwangalia Rashila. Hakutikisa kichwa. Hakumzuia.

"Mama," Rashila alisema, "ukuta huu ni mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona. Naogopa kumlaza mtoto nyuma yake."

Akaeleza yote. Alieleza kwa maneno ya nyumbani, bila hesabu, habari ya ngozi ya nje na tumbo la udongo linaloacha mapengo likikauka, kifungo na koti, ukuta wa jana na jinsi ulivyofura. Hakumtaja Biraj. Biraj mwenyewe ndiye aliyesema, "Nilikata mimi, Mama. Kama tunavyokata siku zote."

Hira Maya alisikiliza mpaka mwisho. Shavu lake moja lilikuwa linacheza.

"Mume wangu alijenga nusu ya mji huu," alisema. "Leo anakuja binti wa vitabu, mjane, na mtoto mkononi, mimi nimekubali, nimefunga mdomo wa ukoo mzima, nimeagiza na lakhamari kwa mwokaji, mikate mikubwa ya sukari hata gari halitoshi. Na yeye anagonga ukuta wa marehemu kama tikiti!"

"Mjane nani?" Shangazi Tirtha alidakia. "Kwetu sisi kuna mjane, Hira Maya? Huyu aliozwa kwa tunda la bel akiwa bado ana mapengo ya meno, kama wewe, kama mimi. Tunda lipo kabatini, zima. Mume huyo hafi. Hawa wengine wote ni wageni."

"Tirtha, usinichekeshe, nimekasirika!"

"Kasirika, lakini useme vizuri."

"Mama yangu," Rashila alisema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Baba hakuwa mvivu wala mwizi. Alijenga kama alivyofundishwa, na alipenda kazi yake ipendeze. Sitamwambia mtu yeyote neno baya juu yake. Lakini siwezi kuwa bibi harusi wa chumba hiki mpaka nijue ndani yake kuna nini. Ukinifukuza nitaondoka, na kesho nitakwenda kazini, na nitaendelea kuwapenda wote wawili kutoka huko huko."

Shingo yake ilikuwa imenyooka. Shangazi Tirtha aliiona, akatazama pembeni.

Hira Maya alimsogelea mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Haya. Umesoma, chagua tofali. Likiwa zima, mchukue shangazi yako na mtoto wako mshuke ngazi zangu, na popoo zako siku ya harusi mkono wangu hautazipokea, wala mkono wa mtu yeyote wa nyumba hii."

Kwao bibi harusi humgawia popoo kila mtu wa nyumba anayoingia. Bibi harusi ambaye popoo zake hazikupokelewa na mama wa nyumba hana nyumba.

"Na likiwa nusu?" Rashila aliuliza.

"Likiwa nusu nitazipokea mbele ya ukoo mzima, na ukuta nitaubomoa kwa mikono yangu hii, nawe utasimama hapo unielekeze. Lakini mwanangu asiguse. Mtoto hang'oi kazi ya baba yake. Mwiteni fundi wa mtaani."

"Hapana, Mama," Biraj alisema.

Alikuwa ameweka kofia chini. Mkononi alikuwa na nyundo na patasi, na Rashila alielewa kwamba alipanda navyo ngazi kabla wao hawajafika, kwamba alikuwa ameamua tangu bombani. Macho yao yalikutana. Hakukuwa na mzaha ndani ya macho yale asubuhi hiyo, na Rashila hakuwahi kumpenda kama alivyompenda pale, na kofia yake chini, na mama yake amemkatalia.

"Baba akifunguliwa na mkono wa mgeni ndiyo aibu," Biraj alisema. "Nionyeshe, Madamu."

Rashila aliweka kidole kwenye kichwa kimoja cha tofali, usawa wa kifua cha mtoto. Alijua likitoka refu anapoteza mtu huyu na nyumba hii na jua hili la kibarazani. Hata hivyo, patasi ilipoingia kwenye kiungo, alijikuta anaomba kimoyomoyo litoke refu. Liwe zima. Mzee awe alisikia. Yeye atashuka ngazi, na hawa walale salama.

Biraj alifanya kazi taratibu, akipuliza vumbi kila mara. Hira Maya alikuwa amejifunika mdomo kwa pindo la sari. Tofali lilikataa, likakataa tena, kisha likacheza. Biraj akaacha nyundo, akalishika kwa vidole, akalivuta.

Lilitoka mara moja. Lilikaa lote kwenye kiganja chake.

Biraj alilitazama lile tofali fupi, uso wake ukakunjamana kama wa mtoto anayejikaza.

"Limekatika," Hira Maya alisema haraka. "Umelivunja ulipolivuta. Mwili wake umebaki ndani. Ingiza mkono uone."

Biraj aliingiza vidole. Kiganja kilikwama. Akajaribu Rashila, wake nao ukakwama kwenye kifundo. Hira Maya aliitazama mikono yake mwenyewe, ile mikubwa, akairudisha ubavuni.

"Mimi naweza," alisema Luniva.

Alikuwa ameshapita katikati yao. Rashila alimshika kiuno, Biraj akapiga magoti upande wa pili, akamshika bega. Mtoto aliingiza vidole, akaingiza kiganja, akaingiza kiwiko. Alisogea karibu zaidi, akalaza shavu lake juu ya matofali mekundu, akasukuma mpaka kwapa likagusa ukuta, ulimi ukiwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Hira Maya aliinama taratibu, goti moja kisha la pili, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Mjukuu wangu," aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya mlangoni, "umegusa tofali huko ndani?"

Luniva alizungusha mkono wake gizani mle, akatafuta juu, akatafuta chini.

"Hakuna kitu, Bibi, mkono wangu wote umeingia."